TAHADHARI: Jamaa anayefunga alarm za joto kwenye mabanda ya vifaranga, Mbeya

Wakuu habari zenu, hasa wafugaji wenzangu wa Mbeya, Makambako, Njombe na Mafinga, naombeni msome hadi mwisho maana baridi ndo hii imeanza na najua kuna watu wanatafuta hiki kitu sasa hivi.

Kuna jamaa anapita kwa wafugaji anajitambulisha ni fundi, anafunga mfumo wa kupima joto bandani kwa mbali. Sensa inakaa kwenye bruda (sehemu yenye joto la taa ya kulelea vifaranga), boksi linakaa ukutani, joto likishuka au umeme ukikatika linakutumia meseji popote ulipo. Kitu chenyewe kipo kweli na kinafanya kazi kikiwa halali, ndo maana nikaingia. Alinitoza laki tatu na themanini pamoja na ufundi.

Siku ya kufunga akanifanyia majaribio mawili mbele ya macho yangu na hapo ndo aliponimaliza. La kwanza alichemsha maji jikoni kwangu akatumbukiza sensa, kioo kikasoma 100 kamili, akasema unaona bosi, hakikosei hata nukta. La pili akazima meini swichi akatoka nje eti anaenda kucheki antena, haikupita dakika ikaingia meseji "UMEME UMEKATIKA BANDANI". Nikamlipa yote. Laini alikuja nayo yeye ikiwa imeshasajiliwa, nikaona kanipunguzia usumbufu.

Nikaingiza vifaranga 300 wa chotara. Kuanzia siku ya pili wanalundikana chini ya taa wanalia, wife ananiambia hawa wana baridi, mimi naangalia kioo kinasema 33, na kifaranga wiki ya kwanza anataka 32 mpaka 35, nikamwambia joto lipo watazoea. Hili ndo linaniuma mpaka leo, vifaranga walikuwa wananiambia ukweli mimi naamini boksi.

Siku ya sita nikaenda msibani Makambako. Usiku wa saa saba umeme ukakatika kwetu Uyole, hapa Mbeya, nyumbani wamelala wanajua mashine inalinda, simu yangu ilikuwa mkononi muda wote maana tulikuwa tumekesha, haikuingia meseji hata moja. Asubuhi wameokota 140 wamekufa wamekandamizana kwenye kona.

Nampigia jamaa hapatikani. Nikachukua ile namba iliyonitumia meseji siku ya majaribio nikafanya kama naitumia hela, jina likatokea, ni lilelile nililomlipia. Yaani meseji aliandika mwenyewe kwa simu yake akiwa nyuma ya banda! Nikafungua boksi. Ndani hamna betri, hamna sehemu ya laini, kuna kipima joto cha bei ndogo tu kinachotumia umeme wa ukutani, kwahiyo umeme ukikatika nacho kinakufa.

Na ile 100 nayo ilikuwa uongo. Jirani yangu mwalimu wa fizikia ndo kanifumbua macho, Mbeya tuko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, maji huku yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi, hayafiki 100. Kumbe jamaa alisogeza namba ili kisome 100 nifurahi, maana yake kilikuwa kinazidisha kama nyuzi 5 au 6, kikisema 33 bandani kuna 27 au 28. Tukapima kwa barafu iliyopondwa na maji kidogo, ambayo inatakiwa isome 0 popote pale uwe pwani au Makete, chenyewe kikasoma 5.

Kwahiyo anayetaka kufunga, majaribio fanya mwenyewe. Laini iwe yako, umeisajili kwa kidole chako na umeichomeka wewe. Simu zake zote ziwe mezani unaziona, ndo uzime umeme, ndo utie sensa kwenye barafu usubiri meseji. Mwambie pia kifaa kiwe kinatuma meseji kila asubuhi hata kama hali ni nzuri, siku isipokuja unajua kimekufa. Na nunua kipima joto cha kawaida ukining'inize pembeni usawa wa migongo ya vifaranga. Wakilundikana wana baridi, wakikaa mbali na taa wanahema midomo wazi joto limezidi, hata kioo kiseme nini.

Nimeshachukua RB polisi. Nasikia sasa hivi yuko upande wa Njombe.

Boksi lake ni jeupe la plastiki, namba nyekundu, juu kuna kiantena kifupi cheusi. Kama unalo ukutani fungua zile skrubu nne ufuate hicho kiantena kinaishia wapi. Changu kilikuwa kimegandishwa na gundi, hakina hata waya.