Ukaguzi wa Popo Kabla ya Kibali cha Ujenzi Uingereza: Kazi Nzuri, Mauzo Mabovu

Anayetaka kuinua paa, kugeuza dari kuwa chumba cha kulala au kubomoa banda la zamani nchini Uingereza anaweza kudaiwa na halmashauri taarifa ya popo, yaani inayoeleza kama popo wanaishi kwenye jengo hilo, kabla maombi yake hayajajadiliwa. Taarifa hiyo huandaliwa na kampuni za ushauri wa ikolojia. Sisi tuliinunua kwa ajili ya nyumba ya familia, ya matofali na vigae vya udongo, ambayo dari yake tulikusudia kuigeuza chumba. Jina la kampuni nitalihifadhi, kwa kuwa lawama niliyonayo haihusu ustadi wa wakaguzi wake, ambao ulinivutia sana, bali namna ofisi yao ilivyotuuzia kazi hiyo.

Uzito wa jambo hili unatokana na sheria. Popo wote wa Uingereza wanalindwa na Sheria ya Wanyamapori na Maeneo ya Vijijini ya 1981, pamoja na Kanuni za Uhifadhi wa Makazi na Spishi za 2017, na ulinzi huo unayafikia maskani yao hata katika miezi ambayo hakuna popo hata mmoja ndani. Anayeharibu maskani hayo bila leseni anaweza kutozwa faini isiyo na kikomo au kufungwa hadi miezi 6. Halmashauri nayo inatakiwa kujua kama popo wapo kabla ya kutoa kibali, na kwa kawaida hairuhusiwi kutoa kibali kwanza na kuuacha uchunguzi ufanyike baadaye, isipokuwa pawe na sababu ya kipekee. Ndiyo maana ofisa mipango anayeonekana mkaidi kwa jambo hili kwa kweli hana nafasi kubwa ya kulegeza.

Hatua ya kwanza ni ukaguzi wa mchana, ambao unaweza kufanywa mwezi wowote wa mwaka. Mkaguzi wetu alianza nje kwa darubini, akazunguka nyumba taratibu huku akipiga picha kila kigae kilichoinuka, kila mwanya chini ya bati la risasi kwenye bomba la moshi na kila mahali ambapo saruji ya ukingo wa paa ilikuwa imebanduka. Ukali huo una sababu: pipistreli wa kawaida, aina ya popo mdogo, ana uzito wa gramu chache tu na hupenya kwenye ufa usiozidi upana wa kidole gumba. Kisha alipanda darini akiwa na tochi, glavu na kamera nyembamba ya kuingiza kwenye nyufa. Juu ya boriti moja alikuta vinyesi vyeusi vidogo ambavyo mimi ningeapa ni vya panya. Alikichukua kimoja, akakisugua kati ya vidole, nacho kikavunjika kuwa unga wenye vipande vya mbawa za wadudu vinavyometameta. Cha panya, alieleza, kikikauka huwa kigumu na hakisagiki hivyo. Vingine alivitia kwenye kichupa ili vipimwe vinasaba endapo aina ya popo ingebaki na utata. Kwa kazi ya namna hii sina neno baya.

Neno baya ninalo kwa ofisi. Makadirio ya bei tuliyopewa yalitaja ukaguzi wa mchana peke yake, kwa maneno yaliyomfanya msomaji aamini kwamba hapo ndipo taarifa inapokamilika. Nyumba yetu ilionekana kuwafaa popo kwa kiwango cha wastani, na mwongozo unaofuatwa na wakaguzi wengi, uliotolewa na shirika la Bat Conservation Trust, unataka jengo la kiwango hicho liangaliwe jioni mara mbili, wakati popo wanapotoka. Linalofaa sana huangaliwa mara tatu. Jioni hizo zinapaswa kuwa kati ya Mei na Septemba, zikiachana kwa wiki tatu au zaidi. Sisi tulikaguliwa Septemba ikiwa inayoyoma, kwa hiyo tukaambiwa tusubiri hadi Mei. Kampuni iliijua kalenda hiyo tangu siku ya kwanza tulipopiga simu, na sentensi moja kwenye makadirio ingetuepusha na kumlipa mchora ramani kwa ratiba ambayo haikuwezekana kamwe. Gharama ya jioni mbili nayo ilizidi kwa mbali ile ya mchana, jambo linaloeleweka ukihesabu watu na vifaa, lakini halieleweki linapofichwa.

Mei ilipofika, nililipata lile nililokuwa nimelilipia. Wakaguzi wawili walikaa kwenye pembe mbili zinazokabiliana, ili kila upande wa paa uwe na macho, wakaanza robo saa kabla ya jua kuzama na kuendelea kwa muda wa saa moja na nusu baada ya hapo. Walipima joto kwanza, kwa sababu jioni ikiwa baridi chini ya nyuzi 10 wadudu hupungua na popo huweza kubaki ndani, na matokeo yake hayaaminiki. Kila mmoja alikuwa na kifaa cha kunasa milio ambacho huishusha sauti yao nyembamba kupita kiasi hadi sikio la mtu liweze kuisikia. Pipistreli wa kawaida hulia kwa nguvu zaidi kwenye kilohezi 45 hivi, na ndugu yake, pipistreli soprano, kwenye 55. Pembeni yao ziliwekwa kamera za infraredi, na hizo ndizo zilizoamua mambo. Mkaguzi wa upande wa bustani alisikia mlio lakini hakuona mahali popo alipotokea, kwa kuwa giza lilikuwa limeshaingia; kwenye picha ya video popo huyo anaonekana wazi akidondoka kutoka chini ya kigae cha ukingoni na kuruka kuelekea miti. Ukipewa makadirio yasiyotaja kamera hizo, tafuta kampuni nyingine.

Taarifa iliyoandikwa ilikuwa ndefu kupita kiasi, na kurasa zake za mwanzo zilinakili sheria ambazo ofisa mipango anazijua kuliko sisi. Sehemu yenye thamani ilikuwa ramani ya paa yenye alama za matundu ya kutokea na saa ya kila tukio. Hitimisho lilikuwa kwamba popo wachache wa aina moja ya kawaida hupumzika hapo mchana, pasipo dalili ya majike wanaolea watoto, na kwamba kazi ingeweza kufanywa chini ya leseni ya Natural England, shirika la serikali linalosimamia uhifadhi wa mazingira asilia, baada ya kibali kutoka. Masharti yalikuwa ya kutekelezeka: sanduku la popo litundikwe mtini kabla ya ujenzi, vigae vya ukingo vitolewe kwa mkono mkaguzi akiwapo, na mwanya mmoja uachwe kwenye paa jipya.

Sharti moja lilimkera fundi wetu wa paa. Alikuwa ameshapanga kutumia utando wa kisasa unaopitisha hewa, ule unaotandikwa chini ya vigae, ilhali taarifa ilidai kitambaa cha zamani cha lami kwenye sehemu ambayo popo wangefikia, kwa kuwa nyuzi za ule utando hulegea na kuwanasa popo hadi kufa. Mkaguzi alikuja mwenyewe kumweleza, bila malipo ya ziada, akiwa na picha za popo waliosokotwa na nyuzi hizo. Fundi alizitazama, akauliza kitambaa cha lami kinauzwa wapi kwa sasa, na siku hiyohiyo akabadilisha oda yake.