Enkoda ya pulsi 600: nimeifunga kwenye mota ya kubangulia korosho

Wakuu, kwa mnaoulizia hizi enkoda za kichina (sensa za kupima mzunguko wa shafti) za pulsi 600 kwa mzunguko, moja ninayo kwenye mota ya mashine ya kubangua hapa Chikongola, Mtwara, na niseme mapema tu: enkoda yenyewe iko vizuri, kinachowasumbua wengi ni bodi wanayoichomekea, kama Arduino Uno, na programu wanayoiandika.

Shafti ya chuma milimita 6, imetulia, inakula volti 5 mpaka 24. Nyekundu umeme, nyeusi graundi, kijani chaneli A, nyeupe chaneli B. Dukani hawakunipa hata karatasi, muuzaji ananiambia we chomeka tu kaka, na hapo ndo watu wanaunguza, maana hizo chaneli mbili zinavuta kwenda graundi tu, hazitoi volti zenyewe, ukiigusisha kijani au nyeupe kwenye umeme moja kwa moja transista ya ndani kwaheri. Weka resista ya pulapu, yaani ya kuvuta chaneli kwenda kwenye umeme, kilo-ohm 4.7 hivi. Ile pulapu ya ndani ya Uno ni dhaifu mno, na ukiwa na waya mrefu jirani na mota utahesabu pulsi ambazo hazipo.

Sasa Uno. Mota inazunguka 1450 kwa dakika, kwa hiyo chaneli moja inatoa pulsi 14,500 kila sekunde. Ukisoma A peke yake kwenye pini ya 2 kwa RISING (pulsi inapopanda), intarapti, yaani programu kukatishwa kidogo ihesabu pulsi, inakuja kila mikrosekunde 69 hivi, Uno ya MHz 16 inamudu bila shida. Mafundi wa YouTube wanapenda kusoma kingo zote za A na B, kupanda na kushuka, ili wajue na upande wa kuzunguka, hapo unafika 58,000 kwa sekunde, yaani mikrosekunde 17 kwa kila kingo, kuingia na kutoka kwenye intarapti tayari kumekula kadhaa, halafu mtu anaweka digitalRead (amri ya kusoma pini) mbili humo humo, loop, yaani programu kuu, inabaki na makombo. Na Uno inakumbuka pulsi moja tu iliyo foleni kwa kila pini, zikija mbili wakati iko bize moja imeenda na maji na hutapata taarifa yoyote. Ya nini yote hayo, mota ya korosho inazunguka upande mmoja!

Kaunta iwe volatile (isomwe upya kila mara) na unsigned long (namba kubwa), maana unsigned int inaishia 65,535, kwa spidi hii inajaa ndani ya sekunde nne na nusu. Ukiisoma kwenye loop funga intarapti kidogo, nakili, fungua, la sivyo siku moja moja utapata namba ya ajabu. Serial.print, ya kutuma maandishi kwenye kompyuta, ndani ya intarapti sahau kabisa.

Ila mimi intarapti nimeachana nazo. Nimehamishia waya pini ya 5, Timer1, kaunta iliyo ndani ya chipu ya Uno, inahesabu yenyewe na programu inasoma tu jumla, tamu sana, gharama yake ni analogWrite (amri ya kutoa PWM) ya pini 9 na 10 kukosekana pamoja na laibrari ya Servo. Mwenye bodi ya ESP32 ya kawaida ana kaunta za aina hiyo nane ndani, pulapu yake iende volti 3.3 tu, na angalieni msiuziwe ESP32-C3 maana ile haina kaunta hizo.

Kwenye bei, enkoda ni ghali kuliko Uno klon (nakala ya Uno). Mimi nimeitaka kwa sababu kila sehemu ya mia ya sekunde napata pulsi 145, korosho zikianza kukwama naona mota inavyolegea kabla haijasimama. Ifungieni kwenye boksi, vumbi na mafuta ya ganda havina huruma. Kama unataka kujua spidi tu, chukua sensa ya Hall, inayohisi sumaku, na sumaku moja kwenye puli, pulsi 24 kwa sekunde, intarapti ya kawaida inakutosha na chenji inabaki.