Miezi minane na jiko la presha la umeme katika nyumba ya luku moja

Niliponunua jiko la presha la umeme sikujua kwamba nanunua na kesi yake. Naishi Tabata, nyumba ya uani, wapangaji sita, luku moja. Aliyewahi kuishi nyumba ya luku moja ameshanielewa, wengine niwaeleze kidogo. Luku ni mita ya umeme wa kulipia kabla, na hapa wote tunatumia hiyo moja. Kila mwezi kila chumba kinatoa mchango wa umeme, mwenye friji anaongeza, na siku uniti zikiisha katikati ya mechi watu wanaanza kutazamana. Kitu chochote kipya chenye waya kikipita koridoni kinasindikizwa na macho hadi mlangoni.

Basi mimi nikapita na boksi kubwa, mchana kweupe, picha ya sufuria inang'aa ubavuni.

Lita 6, wati 1,000, shilingi 145,000 pale Kariakoo. Muuzaji alianzia 180,000. Alinimwagia sera yote ya nishati safi, kwamba serikali ilizindua mkakati Mei 2024, kwamba ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi, kwa hiyo dada yangu usibaki nyuma. Nikamwambia kama muda wenyewe ni hadi 2034, mimi sina haraka, nitarudi. Bei ikashuka hapo hapo. Chapa siitaji, pale dukani zilikuwepo tano na zote zilionekana zimetoka tumbo moja.

Nianze na maharage, maana ndiyo yaliyonifanya nilinunue. Nusu kilo ya maharage ya njano, yaliyolala kwenye maji, dakika 25 tangu presha ipande. Nikisahau kuyaloweka, dakika 45. Siyachungulii, siongezi maji, sipepei moto. Naweka, nafunga, narudi kwenye cherehani yangu. Mara ya kwanza nilikaa pembeni yake kama mtu anayelea mgonjwa, nikisubiri lifanye fujo. Likatoa mvuke kidogo, kile kidude cha kwenye mfuniko kikapanda juu, likanyamaza kimya. Nilipofungua, maharage yalikuwa yameiva hadi yanafumuka ukiyabonyeza kwa vidole viwili, na supu yake nzito. Kwa mkaa maharage hayo hayo yalikuwa yananimalizia saa mbili na zaidi, na kopo la mkaa la shilingi 2,000 halibaki na kitu cha kupikia chai.

Makande ni dakika 55 kwa mahindi yaliyokobolewa na kulowekwa usiku kucha. Kongoro, saa moja na robo, na mfupa unachomoka wenyewe. Dada yangu yuko Arusha, kule mwinuko ni kama mita 1,400, maji yanachemkia nyuzi 95 hivi badala ya 100 za huku pwani, ndiyo maana maharage ya kule yanamchosha mtu. Ndani ya jiko hili, mvuke ukishabanwa, maji yanapita nyuzi 110, uwe mlimani au ufukweni. Nilipomweleza alinitumia hela kesho yake nimnunulie lake.

Sasa mabaya, na yapo. Vitufe vyote vimeandikwa Kiingereza na Kichina. Kuna kitufe cha keki, cha mtindi, cha uji wa mchele, lakini cha makande hakuna. Kimoja tu ndicho ninachotumia kwa vyote, kile cha maharage, halafu naongeza au napunguza dakika. Vingine ni mapambo. Mpira wa mfuniko nao unashika harufu vibaya sana. Nilipika mchuzi wa papa mwezi wa pili, na hadi mwezi wa tatu chai ya maziwa niliyochemshia humo ilikuwa na habari za baharini. Nimenunua mpira wa pili, mmoja wa samaki, mmoja wa mambo mengine.

Ugali usijaribu. Nilijaribu. Sufuria la ndani halijashikwa na kitu, kwa hiyo ukizungusha mwiko nalo linazunguka. Nilisonga, likazunguka, nikalikamata kwa kitambaa, likazunguka na kitambaa. Mwanangu mkubwa alicheka hadi akakaa chini. Tuliula huo ugali ukiwa na mabuje kama mawe.

Tui la nazi lina adabu yake pia. Mara ya kwanza nilimimina tui zito tangu mwanzo, likashika chini, jiko likaanza kulia na kuwakawaka kama gari la wagonjwa. Siku hizi tui jepesi ndilo linalopikia, tui zito natia mwishoni nikishafungua mfuniko, nakoroga kidogo na kuacha litokote. Na usijaze zaidi ya nusu ukipika maharage au kunde, kwa sababu povu lake linapanda hadi kwenye tundu la mvuke. Ukuta wangu bado una ramani ya siku ile.

Mama mkwe, mtu wa Muheza, alipokuja kututembelea alikataa kukaa chumba kimoja nalo. Kwake lile ni bomu. Nikamwambia mama, hiki kitu si cha jana, Mfaransa mmoja aitwaye Denis Papin alitengeneza chungu cha mvuke mwaka 1679, na ni yeye huyo aliyebuni valvu ya kupunguza presha kisije kikapasuka. Akaniuliza, "Na huyo Papin alikuwa anapika wali wa nazi?" Sikuwa na jibu.

Hapo alinishika pabaya, maana wali ndio udhaifu mkubwa wa jiko hili. Unaiva, sikatai, dakika nane tu, punje zimechambuka. Lakini hauna ukoko. Wali wa nazi wa mkaa unapaliwa moto juu ya mfuniko, chini yanabaki makaa machache, na ule mkwaruzo wa mwisho wa sufuria, ukoko wa rangi ya kahawia wenye mafuta ya nazi, ndio watoto wanaogombania. Wengine mnauita matandu. Jiko la umeme likimaliza, chini ni peupe kama sahani iliyooshwa. Kwa hiyo Jumapili nawasha mkaa, naikalia ile moshi kwa hiari yangu, na sioni aibu.

Turudi kwenye kesi. Haikupita wiki mbili, shemeji wa chumba cha mbele akaitisha kikao cha uani. Uniti zinaisha haraka, akasema, na kila mtu anajua ni tangu lini. Alipendekeza mimi niongeze shilingi 15,000 kwa mwezi. Mama mwenye nyumba alikuwa amekaa kwenye mkeka anachambua mchicha, hakusema kitu, ila alikuwa ananitazama.

Nikasema sawa, lakini tupime kwanza.

Jumapili saa tisa alasiri tukazima kila kitu nyumba nzima. Friji zote mbili, feni, televisheni, hadi chaja za simu. Watu wakajaa koridoni mbele ya mita kama wanaangalia penalti. Tukaandika namba iliyobaki kwenye mita, nikawasha jiko, nusu kilo ya maharage makavu kabisa, yasiyolowekwa, makusudi, ili mtu asije akasema nimechakachua. Mwanzoni namba zilishuka kwa kasi na shemeji akaanza kutabasamu. Presha ilipopanda, zikasimama. Zikashuka kidogo, zikasimama tena. Nikawaeleza kwamba likishapata joto linajizima, linajiwasha pale tu presha inapotaka kupungua, halafu kuta zake zinazuia joto lisitoke, si kama sahani ya umeme inayowaka wazi mwanzo mwisho.

Maharage yalipoiva tukasoma: uniti 0.4. Kwa luku yetu, ambayo haipo kwenye kundi la bei nafuu la wale wasiozidi uniti 75 kwa mwezi, uniti moja inafika kama shilingi 357 ukijumlisha kodi na makato. Yaani chungu kizima cha maharage kimekula kama shilingi 143. Andazi la shilingi 200 lina gharama kuliko hicho.

Kimya kikapita. Halafu mama mwenye nyumba, bila kuinua macho kwenye mchicha wake, akasema, "Na ile hita ya ndoo tuipime."

Hapa lazima mjue kwamba shemeji anaoga maji ya moto. Dar es Salaam hii, joto hili, mtu mzima anachovya hita kwenye ndoo kila alfajiri, na mwezi wa saba kukiwa na kaubaridi anachovya na jioni. Alijitetea kuhusu mgongo. Ndoo ikaletwa, lita 20, hita ikachovywa, na zile namba za mita hazikusimama hata kidogo, zikawa zinateremka tu hadi maji yalipoanza kutoa moshi mwembamba. Uniti 0.7. Watoto walipiga makofi, nikawakataza, lakini si kwa nguvu sana.

Makubaliano ya siku ile ndiyo tunayoishi nayo hadi leo: mimi naongeza 3,000, yeye 8,000, na tunapotoa mchango mwezi ukianza tunakumbushana ile 1,500 ya kodi ya jengo inayokatwa humo humo ili mtu asije akadhani imeliwa na sufuria.

Kama unauliza ninunue au nisinunue: kama nyumbani kwako mnakula maharage, makande, kunde, supu za mifupa, nunua, na ununue na mpira wa akiba siku hiyo hiyo. Kama chakula chenu ni ugali wa mchana na wali wa jioni, hela yako ifanyie kitu kingine. Na kama mnachangia luku, pima mbele ya watu kabla hamjaitana.

Kuhusu leo, siwezi kuwapigia picha ya jiko mlione. Shemeji aliliazima tangu jana jioni, ana kongoro lake. Kasema mfupa wa ng'ombe ni dawa ya mgongo.