Ukuta wa Sheria wa Gortyn, Krete: nyota 4 kati ya 5

Anayetaka kujua mwanamke wa Ugiriki ya kale alimiliki nini, asianzie Athens. Aende Gortyn, karibu na kijiji cha Agioi Deka, kilomita 45 hivi kusini mwa Heraklion. Hapo sheria yenyewe imechongwa ukutani katika karne ya 5 KK: safu 12, mistari 600 hivi. Warumi waliyatumia tena mawe hayo kujengea ukumbi wao wa muziki.

Nyota moja naipunguza kwa sababu ya uzio wa chuma. Uko mbele ya ukuta, na asiyejiandaa ataambulia mikwaruzo tu. Safu zinaanzia kulia. Mstari wa kwanza unakwenda kushoto, wa pili unarudi kulia, kama ng'ombe wa jembe anapofika mwisho wa shamba, na herufi nazo zinageuka. I imepinda kama S, P ni kama C. Hata aliyezoea Kigiriki cha Agano Jipya atakwama. Beba tafsiri iliyopangwa kwa safu, na darubini ndogo.

Usihangaike na zote. Anza safu ya 2, mstari wa 45, kuhusu talaka: mke anaondoka na mali aliyokuja nayo, nusu ya mazao ya mali hiyo, na nusu ya alichofuma humo ndani. Mume akiwa ndiye chanzo, anaongeza stateri 5 (sarafu za Kigiriki). Safu ya 4 ni mirathi: mwana wa kiume mafungu mawili, binti fungu moja, ila nyumba za mjini na mifugo ni za wana wa kiume. (Watu wa pwani watautambua uwiano huo kutoka mirathi ya Kiislamu, ingawa sheria hizi hazina undugu nayo.) Athens, binti mwenye kaka hakurithi kabisa, alipewa mali ya kuolewa nayo, basi.

Patamu zaidi ni mwisho wa safu ya 6 na mwanzo wa ya 7. Mtumwa akihamia kwa mwanamke muungwana na kumwoa, watoto ni waungwana. Mwanamke akimfuata mtumwa kwake, watoto ni watumwa. Mama ni yuleyule. Kilichoamua ni nani kavuka mlango wa nani. Athens, tangu sheria ya kiongozi wake Perikles ya 451 KK, raia alipaswa kuzaliwa na baba na mama Waathene.

Wanaoiita Gortyn pepo ya wanawake warudi juu ya safu ya 2. Faini ya kumbaka muungwana ni stateri 100, yaani drakma 200. Mtumwa wa shambani, drakma 5. Kisha wasome safu ya 10: anayeasili mtoto hutangaza sokoni, raia wakiwa wamekusanyika, kutoka kwenye jiwe la wasemaji. Safu ya 11 inasema mwanamke haruhusiwi kuasili.