Gripu ya Betri: Nani Anunue, Nani Abaki na Betri Mfukoni

Wengi hununua gripu ya betri, kile kishikio cha ziada kinachofungwa chini ya kamera, kwa ajili ya betri, na hiyo ndiyo sababu dhaifu kuliko zote. Gripu haizalishi umeme. Ukiitia betri mbili, unapata idadi ile ile ya picha ambayo ungepata kwa betri moja ndani ya kamera na nyingine mfukoni. Ulichookoa ni muda mfupi wa kubadilisha. Kinacholipiwa hasa ni kitufe cha pili cha kupigia picha, kile kinachokaa chini ya kidole unaposimamisha kamera wima. Kama kitufe hicho hutakitumia, umenunua sanduku la betri lenye uzito wa gramu 300 hivi, na hapo betri zenyewe bado hazijaingia.

Zamani hoja ya umeme ilikuwa na uzito. Sony A7 II ya mwaka 2014 ilitumia betri ndogo ya NP-FW50, yenye ujazo wa mAh 1020, na makadirio yake kwa kipimo cha CIPA, chama cha watengenezaji wa kamera cha Japani, yalikuwa picha 350 hivi kwa betri moja. A7 III ya mwaka 2018 ilikuja na NP-FZ100 ya mAh 2280, makadirio yakapanda hadi picha 710. Kwa upande wa DSLR, kamera zenye kioo ndani, Nikon D850 inakadiriwa picha 1840 kwa betri moja. Na CIPA ni kipimo cha tahadhari: anayepiga kwa mfululizo huvuka namba hizo bila shida. Kwa hiyo mwenye kamera kama hizi mbili za mwisho anayelalamika kwamba betri humwishia katikati ya kazi, ama anarekodi video, ama betri yake imezeeka.

Jambo moja kabla ya kulinganisha chochote: si kila kamera inapokea gripu ya betri. Fujifilm X-T5 haina, ingawa X-T4 iliyoitangulia ilikuwa nayo. Canon R7 haina. Sony A7C haina. Na gripu haihami ovyo kutoka kamera moja kwenda nyingine. BG-E14 ya Canon inafaa 70D, 80D na 90D, ukiipeleka kwenye 5D haiingii. Soma jina la modeli herufi kwa herufi, usikubali kauli ya muuzaji kwamba "zote ni sawa."

Nafasi ya kwanza: betri mbili za ziada na chaja ya betri mbili

Ninaiweka juu kwa sababu ndiyo inayowafaa wengi, hata kama haina mvuto wowote. Betri moja ina uzito wa gramu 80 hivi, inakaa mfuko wa shati, na kamera inabaki na umbo lake. Nunua orijino, au za kampuni yenye jina. Betri feki huvimba, na betri iliyovimba hukwama ndani ya kamera ikakataa kutoka. Ziandikie namba kwa kalamu ya wino mzito, 1, 2, 3, uzizungushe, ili siku moja ikianza kuchoka ujue ni ipi. Ukisafiri kwa ndege, betri za akiba zinaingia nawe ndani, hazipelekwi kwenye mizigo ya chini, na ncha zake zifunikwe.

Kama unapiga mandhari, safari, mitaani au familia, ishia hapa.

Nafasi ya pili: gripu ya orijino

Chukua kamera yenye lenzi ya 70-200mm f/2.8, lenzi ambayo peke yake huzidi kilo moja, uigeuze wima bila gripu. Mkono wa kulia unapanda juu, kiwiko kinatoka ubavuni, kifundo kinapinda, na uzito wote unaukalia mkono wa kushoto. Kwa picha tano hakuna neno. Lakini kwenye mahafali, ambako wahitimu wanapita jukwaani mmoja mmoja na kila mmoja anataka picha ya wima, bega linaanza kudai haki yake mapema. Weka gripu, urudie: kidole kinakuta kitufe mahali kinapokitarajia, viwiko vyote viwili vinashuka mbavuni, kamera inatulia. Utulivu huo unaonekana kwenye picha, hasa ukumbini penye mwanga hafifu unapolazimika kushusha kasi ya shata.

Wapigapicha wa harusi, watu, mitindo na michezo ndio wenyewe. Mikono mikubwa pia. Kamera nyingi zisizo na kioo ni fupi kiasi kwamba kidole cha mwisho kinabaki kinaning'inia hewani, na ukifunga flashi juu na lenzi nzito mbele, mtambo mzima unavuta kuelekea chini. Gripu inarudisha mizani.

Orijino hugharimu zaidi, lakini fedha inakwenda mahali panapoeleweka. Kitufe chake kina hatua mbili sahihi kama cha kwenye kamera, magurudumu ya mipangilio yanaitika, na vizuizi vya maji na vumbi vinaendana na vya kamera. Baadhi hata huongeza kasi: D850 hupiga fremu 7 kwa sekunde, na ukiifunga MB-D18 yenye betri kubwa ya familia ya EN-EL18 inafika 9. Ila betri hiyo, chaja yake na BL-5, kifuniko cha chumba cha betri, vyote vinauzwa kando, kwa hiyo piga hesabu ya vyote kabla hujafurahi.

Usidhani kwamba nembo ya kampuni inatosha. MB-N10, ambayo Nikon waliitengeneza kwa Z6 na Z7 za mwanzo, haina kitufe hata kimoja cha kupigia. Ni betri mbili na sehemu ya kushika tu. Z6 II na Z7 II za mwaka 2020 ndizo zilizopata MB-N11 yenye vitufe. Kwa mantiki ya mwongozo huu, MB-N10 inashuka mpaka chini kabisa.

Kama kamera yako ni DSLR, tafuta orijino iliyotumika. Wenye DSLR wengi wamehama, gripu zao zimebaki kabatini, na kifaa chenyewe hakina mengi ya kuharibika. Angalia viunganishi vya shaba visiwe na kutu, na kibebeo cha betri kiwepo.

Nafasi ya tatu: gripu ya kampuni nyingine

Meike, Neewer na wenzao huuza kwa sehemu ndogo ya bei ya orijino, na zipo zinazofanya kazi vizuri kwa miaka. Zipo pia za kutupa, na huwezi kuzitofautisha kwa picha za dukani. Ukiishika mkononi, fanya hivi. Kaza skrubu mpaka mwisho, shika kamera kwa gripu peke yake, kisha ipinde taratibu kwa mkono wa pili. Ikilia, au ukaona mwanya ukifunguka kati yake na kamera, irudishe. Hapo hujafunga hata lenzi nzito. Halafu bonyeza kitufe nusu. Kamera inapaswa kufokasi bila kupiga. Kwenye gripu dhaifu hiyo nusu haipo kabisa, kidole kinaruka moja kwa moja hadi kupiga, na utajaza memori kadi kwa picha za viatu vya watu. Jaribu kila kitufe na kila gurudumu, maana mengine hukaa pale kama mapambo. Mwisho, zima kamera, acha betri zikiwa zimejaa usiku mzima. Asubuhi zikiwa zimeshuka sana, gripu inakunywa umeme hata ikiwa imelala.

Hakikisha pia ina swichi ya kuzima vitufe vyake. Bila hiyo, ukishika kamera kwa mlalo, kiganja kitapiga picha ambazo hukuziomba.

Nafasi ya nne: pawabenki

Kwa video ndefu, mahojiano au taimulapsi (picha nyingi za vipindi zinazounganishwa kuwa video), hii inaipita gripu, na kwa mtu wa video ningeipandisha hadi ya kwanza. Itafute yenye mfumo wa USB-C PD, ule wa kupitisha umeme mwingi kwa waya wa USB-C. Kamera nyingi mpya hupokea umeme zikiwa zimewashwa, nyingine huchaji tu zikiwa zimezimwa, kwa hiyo soma kijitabu. Kamera ya zamani isiyopokea hivyo huwa na betri bandia yenye waya inayoingia mahali pa betri. Ukitumia gimbali, kile kifaa cha kutuliza kamera wakati wa video, gripu isahau; kamera ikirefuka kwa chini, mizani inakuwa kazi ngumu na mara nyingi mkono wa gimbali hautoshi.

Nafasi ya tano: kamera iliyozaliwa na gripu

Canon R3, Nikon Z9 na jamaa zao. Hazichezi, hazina skrubu ya kulegea, betri ni kubwa. Ila hakuna anayepaswa kununua kamera ya daraja hilo kwa ajili ya kitufe cha wima, na siku unayotaka kutembea na kitu chepesi, hakuna cha kufungua.

Kama tatizo lako ni kidole cha mwisho tu, si lazima ununue gripu ya betri. Canon wana EG-E1 kwa EOS RP, na R8 inaipokea pia. Haina betri wala kitufe, inarefusha mshiko tu, na betri ya kamera unaifikia bila kuifungua. Kwa kamera nyingine, bamba la chuma lenye umbo la L, linalofungwa chini na ubavuni mwa kamera, hufanya kazi karibu na hiyo, na juu yake unapata njia ya kusimamisha kamera wima kwenye tripodi bila kupindisha kichwa cha tripodi.