Uzoefu wangu na hojaji ya hulka yenye kauli 120

Anayetaka kujua wanasaikolojia wanavyopima hulka ya mtu aanze na hojaji ya bure iitwayo IPIP-NEO, yenye kauli 120, na azipe kisogo zile za kulipia zinazotangazwa kila siku kwenye simu zetu. Nimejaribu za aina zote mbili hapa Lamu, baada ya meneja wa nyumba ya wageni ninakofanya kazi ya mapokezi kuanza kuzungumzia kuwapima waombaji kazi.

Ile ya kulipia, ambayo sitaitaja jina, ilidai M-Pesa kabla ya kutoa matokeo, kisha ikaniweka katika mojawapo ya aina 16 za watu na kuniambia kwamba nina uwezo ambao bado sijautumia na kwamba mara nyingine hujitilia shaka. Nani asiyekuwa hivyo? Mwaka 1949 mwanasaikolojia Bertram Forer alichapisha jaribio ambalo wanafunzi wote walipewa maelezo yale yale, kila mmoja akidhani ni yake peke yake, nao kwa wastani wakayapa alama zaidi ya 4 kati ya 5 kwa usahihi.

Hojaji ya bure, iliyotolewa na mwanasaikolojia John A. Johnson mwaka 2014 kutokana na hazina ya kauli ambayo mwenzake Lewis Goldberg aliiacha wazi kwa wote, haimtii mtu katika kundi. Hupima sifa tano, yaani uchangamfu, upole kwa wenzako, bidii na utaratibu, wepesi wa kuingiwa na wasiwasi, na utayari wa kupokea mawazo mapya. Kila sifa ina vipengele sita, na kila kipengele kina kauli nne ambazo unazijibu kwa ngazi tano za kukubali au kukataa. Baadhi ya kauli zimegeuzwa makusudi, ili mwenye tabia ya kuitikia kila kitu asijikusanyie alama bure. Hakuna kufaulu wala kufeli, kwa kuwa alama zako hulinganishwa na za watu wengine walioijibu.

Hao watu wengine ndio walionitatiza, kwani maisha yao huenda si kama yetu. Kauli moja inauliza kama unapenda karamu kubwa, na Lamu apendaye kelele na asiyezipenda wote wataonekana harusini na kwenye Maulidi, kwa sababu kutoonekana huzua maneno. Nyingine inauliza kama huelekea kuwapigia kura wagombea wa mrengo wa kiliberali, ilhali kura za hapa hufuata mtu, ukoo wake na muungano uliopo mwaka ule. Niliiwekea jibu la katikati nikaendelea. Si ajabu kwamba utafiti uliochapishwa mwaka 2013 kuhusu Watsimane, jamii ya wenyeji wa Bolivia, haukuziona sifa hizo tano zikijitokeza bayana.

Kilichonifaa zaidi ni kumwomba dada yangu ajibu kauli zile zile kunihusu mimi, kwani wanasaikolojia nao huwauliza watu wa karibu na mhusika. Katika mengi tulikubaliana. Tulipofika kwenye kauli ya kuacha fujo chumbani, aliitazama ngazi niliyoichagua, akacheka na kuuliza, “Na hizo nguo zako, hukunja nani?” Alama yangu ya utaratibu kwa majibu yake ilishuka sana, na mimi ninaiamini yake.

Kwa kujifahamu, basi, ninaipa nyota nne kati ya tano. Kwa kuajiri siipi hata mbili, maana mwombaji kazi anajua vyema jibu linalotakiwa, na sijui nani atakayekiri mbele ya mwajiri kwamba huahirisha kazi. Nimemshauri meneja ampe kila mwombaji zamu moja ya jioni, siku ambayo ndege imechelewa kutua kisiwani Manda na wageni wanawasili kwa boti wakiwa na njaa na hasira.