Mtumbwi mpya Mwanza: mninga, faiba au msonobari?

Nanenane iliyopita, kwenye viwanja vya Nyamhongolo, nilimaliza karibu saa nzima nikizunguka boti moja ya faiba. Nyeupe pe, imepandishwa juu ya magogo, mashine mpya nyuma, kijana pembeni anagawa vipeperushi. Kilichokosekana ni maji. Wenzetu wa Annapolis, Marekani, kila Oktoba hupanga mashua mpya za matanga gatini zikiwa zinaelea, mnunuzi akakanyaga sitaha na kuona inavyoyumba. Sisi huoneshwa boti juu ya nyasi, na juu ya nyasi hakuna boti mbaya.

Kwa hiyo mimi maonesho huyaendea kuuliza, pesa naacha nyumbani. Swali langu la kwanza wauzaji hawalipendi: hii ikijaa maji kati ya visiwa vya Ukerewe na Ukara, itabaki juu au itakwenda chini? Ukara ndiko kivuko cha MV Nyerere kilikopinduka Septemba 2018, gati likiwa linaonekana kwa macho. Nimepanga orodha hii kwa jibu la swali hilo. Rangi na viti vya sponji vitajijua.

Nafasi ya kwanza naupa mtumbwi wa mninga wenye mkuku, ule uti wa mgongo wa mbao chini yake. Mninga mkavu ni mwepesi kuliko maji. Mtumbwi wake ukijaa unalowa hadi ukingoni, lakini mbao zinaubeba, hata kama nyuma umefunga mashine ya Yamaha ya farasi 15, na watu wanabaki na kitu cha kushika. Tena mninga hausinyai sana ukikauka, ndiyo maana maungio yake hayafunguki ovyo mtumbwi ukikaa juani wiki nzima. Bei yake inauma, sikatai. Mvule nao unafaa, mradi uwe mkavu.

Ukavu wenyewe usiuchukue kwa maneno ya fundi. Nenda Igombe au Kayenze, popote anapofanyia kazi, kabla mbao hazijapigwa msumari. Nyanyua ubao mmoja mmoja. Mbichi utaujua kwa uzito. Mbao mbichi zikija kukauka zinaachana, pamba ya kuzibia inalegea, na wewe utakuwa mtu wa kukumba maji kwa kopo kila safari. Angalia na misumari: iliyopita mpaka upande wa pili ikakunjwa ndio inayoshika. Iliyoishia katikati itatoka siku ya wimbi.

Mwambie tezi, yaani nyuma ya mtumbwi, aikate bapa ili ikae mashine, na hapo hapo aache tundu la mlingoti. Vijana siku hizi wakiona tanga wanacheka. Lakini petroli ikiisha, au magugu maji yakijiviringisha kwenye propela na kuziba tundu za maji ya kupoozea, anayecheka ni mwenye tanga. Alfajiri upepo hutoka nchi kavu kwenda ziwani, mchana hugeuka ukarudi ufukweni. Wazee walipangia safari zao humo. Tanga la pembetatu linakutosha kurudi nyumbani. Usitegemee likupandishe dhidi ya upepo, hasa upepo wa kusi ukishika kuanzia Juni, kwa sababu mkuku wa mtumbwi hauendi chini sana na utakwenda upande kama kaa.

Jambo jingine: mafundi wa pwani watakutisha na mdudu anayetoboa mbao. Huyo ni wa maji chumvi, Victoria hayumo. Adui wetu ni mvua. Maji baridi yakituama ndani ya mtumbwi huozesha mbao upesi kuliko maji ya bahari, maana chumvi huzuia kuoza. Ukiuvuta nchi kavu, uinamishe na uufunike.

Nafasi ya pili ni faiba, lakini ile tu yenye povu gumu lililojazwa ndani. Faiba yenyewe ni nzito kuliko maji. Bila povu au vyumba vya hewa inazama kama sahani. Na chumba cha hewa kikitoboka, hewa imekwisha. Sifa zake ni za kweli: haihitaji pamba, boti yake ni nyepesi, inakunywa petroli kidogo. Mimi niliwahi kununua moja. Haikumaliza mwaka, ikatoa malengelenge chini, na kila nilipoigonga kwa sarafu ya shilingi 200 ililia kama ngoma iliyolowa. Aliyeniuzia akasema kosa langu, nimeiacha majini. Sijui alitaka niiweke wapi boti.

Kama boti ilipimiwa uzito baharini, punguza. Maji chumvi hubeba zaidi: boti inayofika mstari wake wa mwisho wa kupakia ikiwa na tani 2 kwa jumla baharini, ziwani itaufikia ikiwa na karibu kilo 50 pungufu. Huyo ni mtu mmoja hivi anayebaki ufukweni.

Tatu ni mtumbwi wa msonobari. Unaelea, bei rahisi, unaoza mapema. Kwa anayeanza maisha si aibu.

Wa mwisho ni mtumbwi uliotumika uliopakwa rangi juzi. Chukua kisu, chomeka pale mkuku unapokutana na tezi. Kikizama, aga kwa heshima uondoke.

Wowote utakaochagua, mashine mpya inaweza kukugharimu kuliko mtumbwi wenyewe, kwa hiyo jaketi za kujiokolea nunua kabla pesa haijaishia huko. TASAC, wasimamizi wa vyombo vya majini, wanahitaji kuukagua na kuusajili, na wa kuvulia unataka leseni ya uvuvi juu yake.

Fundi mlipe kwa awamu tatu: mbao zikifika, mataruma, yaani mbavu za mtumbwi, yakikamilika, na ya mwisho mtumbwi ukiwa majini. Hapo usukume mpaka maji yakufike kifuani, uujaze kwa ndoo hadi ukingoni, muushike ubavuni wewe na yeye muone. Fundi wangu alinuna siku ile. Akaniuliza kama na gari nikinunua huwa nalibiringisha kwanza.